Slaidi Ambazo Sikukutengenezea

Kibomet, Jumamosi, saa tisa alasiri

Nasimiyu,

Naanza na jibu, maana wewe hupendi kuzungushwa. Jumatano ulipokuwa unasuuza sahani uliniomba nikutengenezee slaidi za ile Ijumaa yenu ya kwanza huko shuleni. Hutaondoka nazo. Ukweli wote ni kwamba nilizitengeneza, nne, Alhamisi ofisini wakati wenzangu wameenda kula, na zilikuwa nzuri. Leo asubuhi nimezifuta. Nilipaswa kukuambia kwa mdomo, ukiwa mbele yangu. Nimejaribu mara mbili tangu uamke, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama umekunja soksi.

Habari za soksi, kufuli, sabuni na namna ya kuongea na matroni, Anti Metrine ameshakupa kuliko mimi ningeweza. Dada yangu alilala bweni miaka minne na anakumbuka kila kitu alichoibiwa. Mmeenda naye mjini kutafuta godoro na sanduku la chuma, na kwa jinsi ninavyomjua atataka kulalia kila godoro la duka kabla ya kuchagua. Hamtarudi mapema. Kesho mtatoka naye baada ya ibada, mlale Bumula kwa bibi yako kukhu, na Jumatatu akufikishe shuleni. Ulisema ungependa akupeleke yeye. Sikuuliza kwa nini. Nadhani najua.

Ninachotaka kuandika kinahusu ile Ijumaa. Ujumbe wa mwalimu wenu ninao kwenye simu: kila mwanafunzi mpya wa Gredi ya Kumi atasimama mbele ya wenzake kwa dakika tano, aeleze jambo moja la kwao, akiwa na picha au mchoro mmoja. Kwa mtoto mwingine ni shughuli ndogo. Wewe hujasimama mbele ya watu tangu siku ile ya Bungoma. Ulikataa kusoma neno kanisani. Ulikataa kutoa shukrani siku ya kufunga shule ingawa walimu walikuchagua wewe. Ukiulizwa unasema, "Si nimekataa? Basi," na ukiulizwa unaogopa nini unatoka nje. Mimi ndiye niliyekufanya hivyo, na mpaka leo sijawahi kulitamka. Ukishindwa kusimama wiki ya kwanza, mahali ambapo hakuna anayekujua, naona jinsi utakavyonyamaza miaka mitatu na kuzoea kunyamaza. Nimeogopa mambo mengi kwa ajili yako, na karibu yote yana dawa. Hili sina dawa yake, na kukutengenezea slaidi kungelizidisha.

Acha nianzie mbali kidogo, kule Saboti.

Unaijua ile picha iliyo ukutani juu ya televisheni. Nimevaa kofia ngumu ya manjano, nimesimama kando ya tangi la maji, watu nyuma yangu wanapiga makofi. Wageni wakiuliza nasema, "Saboti, kazi yangu ya kwanza," nao wanasema hongera. Picha haijamdanganya mtu, ila imeacha nje wiki tatu. Hizo sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa maji, na wewe ulikuwa na miaka sita, bado unaishi kwa kukhu. Shirika dogo lilikuwa limeniajiri. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kulikuwa na chemchemi kwenye mteremko wa mlima. Bomba lingeanzia hapo, lishuke likipita vijijini na kujaza matangi manne, kwa nguvu ya mteremko peke yake, bila injini na bila dizeli. Shirika lingetoa mabomba na simiti, wenyeji wangechimba mtaro. Yangu ilikuwa kusimama mbele yao siku moja, niwaeleze, kisha Jumatatu waje na nguvu zao.

Nilitengeneza slaidi ishirini na mbili. Naikumbuka hesabu kwa sababu niliionea fahari. Ya kumi na moja ndiyo iliyobeba yote. Ilikuwa ramani iliyopigwa kutoka angani, mashamba yakiwa viraka vya kijani na kahawia, bomba mstari wa buluu, matangi duara nyekundu zenye herufi. Pembeni kulikuwa na kisanduku cha maelezo, chini kipimo cha umbali, na kwenye kona mshale wa kaskazini. Mwalimu wangu wa chuo angeipa alama zote.

Tulikutana kanisani. Tuliziba madirisha kwa magunia ili ukuta uwe na giza la kutosha, na jenereta ya kuendesha projekta tukaiacha nje ya mlango. Jambo ambalo sikuligundua hadi baadaye sana ni kwamba siku hiyo sikumwona mtu yeyote. Wao walikuwa gizani na mimi niliutazama ukuta. Niliwasomea maneno yaliyoandikwa pale, yale yale, neno kwa neno, kwa saa nzima na nusu. Nilikuwa nimejitengenezea pa kujificha, kisha nikapaita mafunzo. Mwishoni walipiga makofi, mzee mmoja akaomba, tukanywa chai. Niliandika kwenye daftari langu: wamekubali.

Jumatatu nilifika saa mbili asubuhi na fundi na majembe arobaini. Hakuja mtu. Jumanne alikuja mlevi mmoja, akauliza kama chai ya siku ile ilibaki. Wiki ikaisha hivyo. Wiki ya pili mkubwa wangu alipiga simu kusema kwamba mabomba yatapelekwa kwingine watu wasipoanza. Nikaandika ripoti. Niliandika kwamba wenyeji hawana mwamko na wanahitaji kuhamasishwa zaidi. Sentensi hiyo ilinitoka bila shida yoyote.

Wiki ya tatu nilikwenda kwa Mama Chemtai. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lile, mkulima wa vitunguu, na watu walisema hana breki. Nilimkuta akipalilia. Hakuinuka.

"Umekuja kuhesabu majembe tena?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Nilikosea wapi?"

"Haujakosea. Wewe ni msichana mzuri, umesoma. Lakini si ulituonyesha maji ikipanda?"

Nilimwambia maji hayapandi, yanashuka, na ndiyo maana hatuhitaji injini.

"Ati hakuna injini. Na ile ilikuwa inanguruma nje ya kanisa ilikuwa ng'ombe?"

"Ile ilikuwa ya projekta, mama."

"Sawa. Leta hiyo picha yako."

Nilikuwa nayo kwenye mkoba, imechapishwa kwenye karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na udongo. Akaweka kidole kwenye chemchemi, ambayo kwenye karatasi ilikuwa kona ya chini, mkono wa kushoto. Akaufuata mstari wa buluu taratibu mpaka kwenye tangi la mwisho, kona ya juu, mkono wa kulia. Kidole kikaacha alama ya udongo njia nzima.

"Imetoka hapa chini, ikaenda hapa juu. Mimi niko na macho."

"Hapo si chini, mama, hapo ni kusini. Mlima wenyewe uko upande huu, hapa kando."

"Mlima iko kando?" Akageuka akamwita jirani yake ng'ambo ya ua. "Mama Cherop! Kuja usikie. Mlima imehama. Saa hii iko kando!"

Walicheka hadi wakaegemea majembe yao. Nilicheka pia, kwa kuchelewa.

Fikiria, Nasimiyu. Mtu aliyezaliwa kwenye mteremko ule hana haja ya kaskazini. Mvua inatoka mlimani, baridi inatoka mlimani, ng'ombe wakipotea unaulizwa kama walipanda au walishuka. Ukimpa karatasi yoyote yenye mashamba yake, sehemu ya juu ya karatasi ni mlimani, kwa sababu pengine popote pasingekuwa na maana. Mimi nilizaliwa Bumula, kwenye tambarare, na ramani nilifundishwa ubaoni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba karatasi inaweza kugeuzwa. Kwa hiyo kanisa zima lilikaa gizani likatazama maji yakipanda mlima, huku msichana asiyewatazama akiapa kwamba hakuna injini, na injini inanguruma mlangoni. Kumbe miaka ya nyuma waliletewa pampu, dizeli ikawashinda, na kuku wakapata pa kutagia. Waliniona mwongo. Walikuwa na adabu tu.

Mchana ule tulichora upya, kwenye karatasi ya ndani ya mfuko wa simiti, tukiwa tumeilaza chini kwenye ua wa Mama Chemtai. Yeye aliamuru, mimi nikachora. Mlima ulikwenda juu. Chemchemi ikawa chini ya mlima. Akasema niweke kanisa, niweke josho la ng'ombe, niweke kwa Kiprop.

"Kiprop ni nani?"

"Ako na kinu ya kusaga. Hakuna mtu hapa hajui kwa Kiprop."

Akaniondolea herufi za matangi, akaniondolea kisanduku cha maelezo. Kwa mazoea mkono wangu ulikuwa umeshachora mshale kwenye kona.

"Na hii mkuki?"

"Inaonyesha kaskazini."

"Kwani nani amepotea?"

Niliufuta.

Jumapili baada ya ibada, nje, kwenye mwanga, vijana wawili waliishika ile karatasi, mmoja huku na mwingine kule. Mama Chemtai alikuwa ameniambia niongee kidogo. Sikuongea hata hicho kidogo. Kabla sijafungua mdomo walikuwa wameshasogea. "Hapo ni kwetu." "Wewe, kwenu si hapo, kwenu ni nyuma ya josho." "Kwa hivyo hii inashuka tu hivi, inapitia kwa Kiprop?" "Inashuka tu." Walijielezea wenyewe. Nilisimama pembeni nikawatazama nyuso, na ilikuwa mara ya kwanza. Jumatatu majembe hayakutosha.

Hapo ndipo ile picha ya ukutani inapoanza. Kuna jambo moja ambalo halimo ndani yake wala halimo kwenye hadithi ninayowapa wageni. Ile ripoti sikuirekebisha. Mkubwa wangu aliisoma, akaona kwamba watu wasio na mwamko walikuja kuchimba kwa mamia, akaamua kwamba mimi ni hodari wa kuhamasisha. Nilipandishwa cheo. Nyumba hii tunayokaa ilitokana na cheo hicho. Mama Chemtai hajui kwamba mahali fulani kwenye faili ameandikwa kuwa mtu asiye na mwamko. Nimekutana naye mara kadhaa tangu wakati huo na hatukosi la kuchekea, na kila mara ninakuwa na sentensi mdomoni ambayo siitoi.

Ungedhani mtu aliyefundishwa hivyo hatarudia. Nilirudia kwako.

Hadithi ya Bungoma unaijua kuliko mimi, lakini nataka uione kutoka nilipokuwa nimekaa. Ulikuwa Gredi ya Tisa, na mradi wako ulihusu mahindi ya kukhu, kwa nini mengine huoza ghalani na mengine hayaozi. Likizo nzima ulianika mafungu matatu: moja chini kwenye udongo, moja kwenye karatasi ya nailoni, moja kwenye kichanja. Ukayaweka ghalani, ukasubiri, ukayahesabu na kukhu mkiwa mmekaa kwenye mkeka. Kisha ukachukua karatasi kubwa ya manila, ukachora nyumba ya kukhu kwa penseli, na chini yake ukabandika punje zenyewe kwa gundi ya unga. Mistari mitatu, punje ishirini kila mstari. Mstari wa kwanza ulikuwa umejaa nyeusi na kijani, wa pili una chache, wa tatu karibu wote mweupe. Mtu angeielewa akiwa mlangoni.

Niliitazama nikaona gundi.

"Hii ni ya kitoto," nilisema.

"Lakini Mama, wataona mahindi yenyewe."

"Wataona uchafu, Nasimiyu. Hayo ni mashindano ya kaunti kadhaa."

Hukubishana. Ulinipa daftari lako la hesabu, nami nikaketi kwenye kompyuta. Nilitengeneza grafu ya nguzo, zenye kivuli kana kwamba zimesimama, rangi ya chungwa, buluu na zambarau. Niliongeza mambo ambayo hukuyapima, ila mimi niliyajua kutoka kazini. Tukaenda mjini ikachapishwa kwenye plastiki inayong'aa, ndefu kuliko wewe. Ulikariri maelezo yake siku mbili ukitembea kati ya jikoni na sebule. Nilidhani unajifunza.

Ukumbini nilikaa benchi la tatu. Ulianza vizuri. Kisha yule mama mwamuzi, aliyekuwa ameinua miwani kwenye paji la uso, akauliza kwa upole kabisa, "Na hii rangi ya zambarau, mwanangu, inatuambia nini?"

Uliitazama plastiki. Ukanitazama mimi.

Nikajibu. Nilijibu kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya mikutanoni: "Ni asilimia ya unyevu kabla ya kuhifadhi."

Mwamuzi akageuka pole pole. "Na wewe mama, uko gredi gani?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mtu nyuma yangu akasema, "Huyo mama apewe cheti, bana!" wakacheka tena. Wewe hukulia. Ulisimama hapo mpaka muda wako ukaisha, mikono kando, kama mtu anayesubiri zamu yake mahali asipojua panatolewa nini. Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi Kitale ulisema jambo moja tu.

"Hiyo ilikuwa yako, Mama."

Nikasema nilitaka kukusaidia. Ulikuwa ukweli, na halikuwa jibu.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na nafikiri naweza kulieleza bila kujitetea. Kila punje kwenye ile manila ulikuwa umeishika. Kama mwamuzi angekuuliza kuhusu yoyote kati ya zile sitini ungeweza kumwambia ilikotoka na mvua iliyoinyeshea. Nikaondoa vyote ulivyovijua, nikaweka vitu ninavyovijua mimi, kisha nikashangaa kwamba ulipoulizwa ulinitazama mimi. Ungemtazama nani?

Kwa nini nilifanya hivyo ni swali jingine. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane. Bumula watu walisema masomo yangu yameisha, na wengine walisema nikiwa nimesimama hapo hapo. Niliporudi shuleni nilijifunza kuwa mtu asiyeachia nafasi ya kuulizwa. Kila nilichoweka mbele ya watu kilikuwa kimekamilika, kimepigwa pasi, kina takwimu zake na rejea zake, ili kusibaki mlango wa mtu kuingilia. Slaidi zilinifaa sana kwa kazi hiyo. Taa zinazimwa, watu wanatazama ukuta, hakuna anayekutazama wewe. Nimewahi kumaliza mkutano wa saa mbili bila mtu kuniuliza swali hata moja, nikarudi nyumbani nimefurahi. Niliichukua manila yako nikaipitisha katika hofu hiyo. Wewe hofu hiyo hukuwa nayo. Ulikuwa hata huonei aibu ile gundi.

Siku hizi kazini napunguza. Wenzangu wanadhani nimekuwa mvivu. Naenda na picha moja au mbili, na nikiionyesha nanyamaza kwanza ili watu waitazame, na ukimya huo ni mrefu kuliko unavyoweza kudhani. Ulimi unawasha. Unataka kueleza, na ukieleza wanaacha kutazama wanaanza kukusikiliza wewe, kisha hawapati hili wala lile. Kilichokwisha kuandikwa sikisomi tena kwa sauti, maana watu wana macho, kama Mama Chemtai alivyoniambia. Rangi ambayo siwezi kusema iko hapo kwa nini naitoa. Na nikiulizwa nisichokijua nasema sijui. Mara ya kwanza kusema hivyo ilikuwa mbele ya maofisa sita, na nilitazamia kitu kibaya kitokee. Mmoja aliandika kitu kwenye karatasi yake, tukaendelea.

Haya ni yangu, yalinifikia kwa kuchelewa, na huenda mengine hayatakufaa. Wewe hukuwa na tatizo langu. Ulikuwa unajua kuonyesha kabla sijakufundisha.

Ndiyo sababu nimefuta zile nne. Nitakuambia zilikuwa na nini. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya kukhu, nilivyoipiga mimi kwa simu yangu. Ya pili sentensi tano kuhusu Bumula, nilizozitunga mimi. Ya tatu hesabu za mavuno, za ofisini kwetu. Ya nne ilikuwa ramani. Leo asubuhi, ukiwa unaoga, nilizifungua nizirekebishe kidogo, nikaona kwamba kwenye kona ya ile ramani nilikuwa nimeweka mshale wa kaskazini. Sikumbuki kuuweka.

*

Niliacha kalamu hapo kwa sababu mmerudi. Ni saa kumi na mbili kasoro. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango, nawe unajua tulichosemezana, lakini nakiandika ili ujue kwamba nilikisikia.

Ulikuwa umeshika upande mmoja wa godoro, Anti upande mwingine. Ukauliza hata kabla ya salamu, "Mama, ulimaliza? Ile ya Ijumaa."

"Sina. Na sitatengeneza."

"Aki Mama." Uso wako ulibadilika. "Sasa nitasimama na nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Nasimiyu."

Ulinitazama kama mtu aliyebonyeza swichi taa isiwake. Anti Metrine akasema, "Nyinyi wawili, mtaongea mkimaliza. Mkono wangu unakatika," mkapita na godoro, na mlango wa chumba chako ukafungwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Anti alinitupia jicho akaenda kuweka chai. Nilirudi hapa mezani. Nilidhani nimekosea tena. Nilikaa hivyo pengine nusu saa bila kuandika, nikiitazama kompyuta iliyofungwa.

Kisha ukatoka ukaenda jikoni. Huwezi kuniona kutoka hapo, ukuta unazuia, lakini sauti inapita. Naandika ninavyosikia.

"Anti, angalia hii. Mimi sitasema ni nini. Wewe sema tu unaona nini."

"Naona pango. Na mawe ndani."

"Pango! Anti!"

"Si umesema niseme?"

Mkwaruzo wa penseli. Kijiko kikizunguka kwenye sufuria. Mkwaruzo tena.

"Na sasa?"

"Ah. Sasa ni mdomo. Mdomo wa nani huyu anakula mawe?"

"Ni wa kukhu. Si huwa anauma punje moja kabla ya kuweka mahindi kwa ghala? Ikilia 'ka!', imekauka. Ikinyamaza, anayarudisha yote juani. Hata wakija na ile mashine ya kupima unyevu anauma kwanza."

"Na kweli. Lakini kukhu na meno yote hayo? Umemwekea ya punda."

Mnacheka. Wewe unacheka kwa ile sauti yako ya chini ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Amebaki na mangapi?"

"Mbele? Sita. Ama tano. Weka tano."

"Hapana, nataka kujua kabisa. Wakiniuliza je?"

Idadi kamili naijua. Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa meno mara ya mwisho, nikamshika mkono jino likitoka. Nimefungua mdomo kukujibu kutoka hapa mezani, kisha nikaufunga. Sasa Anti anakuambia umpigie mwenyewe simu umuulize, na wewe unasema atakasirika, na Anti anasema basi akasirike, na nasikia ukibonyeza namba. Simu inaita. Sikuisema idadi, na hata hapa siiandiki.

Mama yako